Dripu, supu na swali la sita

Tarehe 26 Desemba, saa moja na nusu asubuhi, kwenye kibanda cha supu pale Kiborloni, hakuna aliyekuwa na hamu ya soga. Desemba ya Moshi inajulikana. Wiki nzima mabasi yalikuwa yanashusha watu kutoka Dar, kila kihamba, shamba la ukoo la migomba, kikawa na wageni wake, mbuzi wake na pipa lake la mbege, na aliyeona mbege ni ya wazee alikuwa na kreti ya bia chini ya mgomba. Sasa meza nzima ilikuwa imeinamia mabakuli ya kongoro, ndimu zinakamuliwa, chapati zinachanwa, na mtu akiangusha kijiko wote wanakunja uso.

Shemeji yangu aliingia ana plasta nyeupe mgongoni mwa kiganja. "Nimetundikwa dripu mbili," alitangaza kabla hajaketi. "Moja ya chumvi, moja ya glukosi, na sindano ya vitamini juu yake. Niko fiti, shemeji." Aliyemtundika ni kijana wa duka la dawa, nyuma ya pazia, kwenye benchi lililotandikwa godoro. Shilingi elfu arobaini. Mama muuza supu akasimamisha upawa hewani. "Baba, elfu arobaini ya maji ya chumvi? Mimi hapa nakupa ya moto, yenye mfupa, kwa elfu tatu."

Pembeni alikaa mzee mmoja ambaye vijana wa pale humwita Meku. Hakuagiza supu. Mbele yake kulikuwa na kikombe cha chai kisichokuwa na chai, na alikishika kwa mikono miwili maana mmoja peke yake ungekimwaga. "Nazimua tu," alisema, na wala hakuna aliyemuuliza.

Basi mezani palikuwa na dripu, supu na kuzimua, na haikupita muda ubishi ukaanza: hangova ni ugonjwa wa kupelekwa kwa daktari, au ni deni la jana ambalo mtu anapaswa kulilipa akiwa macho? Ubishi huo si wa walevi peke yao. Umeshafika mahakamani Ujerumani, umeshafika kwenye mamlaka ya dawa Marekani, na hapa kwetu ukiusukuma kidogo unagonga mlango wa ofisi ya rasilimali watu. Ugumu wake ni kwamba ndani ya neno hilo moja tumefunga mambo manne au matano yasiyofanana.

Hesabu ya chupa

Chupa ya bia ya nusu lita yenye kilevi cha asilimia 4.5, kama Kilimanjaro, ina takriban gramu 18 za pombe halisi. Ini la mtu mzima wa kawaida huchoma kama gramu saba hadi kumi kwa saa. Halina gia ya pili. Ukilipigia kelele, ukilimwagia kahawa, ukiliogesha maji ya baridi, linakwenda mwendo uleule. Kwa hiyo chupa moja ni saa mbili za kazi. Mtu aliyeanza saa kumi na mbili jioni akashusha chupa sita, ini lake linafunga hesabu kama saa kumi na mbili asubuhi.

Angalia saa hiyo. Ndiyo saa ambayo kichwa huanza kugonga, na si bahati mbaya. Hangova hufika kileleni pale pombe inapokaribia kuisha kwenye damu, si pale inapokuwa nyingi. Na aliyeshusha chupa kumi usiku uleule atakuwa bado na pombe mwilini hadi kama saa nane mchana. Huyo anapowasha bodaboda saa mbili asubuhi akisema ana hangova, anajipendelea. Bado amelewa.

Kazi yenyewe ya ini ina hatua mbili. Kwanza vimeng'enya vyake huigeuza pombe kuwa asetaldehidi, kitu chenye sumu kinachotia kichefuchefu, moyo kwenda mbio na uso kuwaka. Kisha asetaldehidi hugeuzwa kuwa asetati, ambayo mwili unaweza kuimudu. Kwa miaka mingi lawama zote zilirundikwa kwa asetaldehidi. Tatizo ni kwamba asubuhi, mtu anapoteseka kwelikweli, kwa watu wengi asetaldehidi imeshapungua sana. Siku hizi watafiti wanaangalia zaidi kinga ya mwili: baada ya pombe nyingi mwili hutoa kemikali zilezile unazozitoa ukipigana na mafua au maambukizi. Ndiyo maana hangova inafanana na kuumwa. Uchovu, viungo kuuma, kukosa hamu ya kula, kutotaka kuongea na mtu: mwili unajiendesha kama una vita.

Kisha kuna usingizi. Pombe inamwangusha mtu kitandani upesi, lakini nusu ya pili ya usiku inamnyang'anya usingizi mzuri, anageukageuka hadi jogoo anawika. Kuna tumbo lililochubuliwa. Kuna sukari: ini likiwa limeshikwa na pombe huchelewa kutengeneza sukari mpya, na mtu aliyekunywa bila kula anaamka anatetemeka na jasho jembamba.

Na kuna maji, ambayo kila mtu huyataja kwanza. Ni kweli pombe huizuia homoni inayoziamrisha figo zitunze maji, ndiyo sababu safari za nyuma ya baa haziishi. Lakini kiu na hangova ni wasafiri wa basi moja walioketi viti tofauti. Ukinywa maji kiu inashuka kituo cha kwanza. Hangova inaendelea na safari. Shikilia hili, maana biashara nzima ya dripu imejengwa juu ya kuwachanganya hao abiria wawili.

Vipi aina ya kinywaji? Hapa baa ina elimu yake. Utaambiwa usichanganye bia na mvinyo, au uanze na hiki umalizie na kile. Mwaka 2019 watafiti nchini Ujerumani walitoa matokeo ya kuwanywesha watu 90 bia na mvinyo kwa mpangilio mbalimbali. Mpangilio haukubadilisha chochote. Kilichotabiri hangova ni namna mtu mwenyewe alivyojiona amelewa, na kama alitapika. Rangi ya kinywaji ina uzito kidogo zaidi. Katika jaribio lililochapishwa mwaka 2010, wanywaji wa bourbon, wiski ya Kimarekani yenye viambata, yaani kemikali za ziada zinazoipa rangi na ladha, mara 37 ya vile vya vodka, waliamka hoi kuliko wa vodka. Ila walipopimwa wepesi wa akili walikuwa wabovu sawasawa.

Wazee wa migombani wana nadharia yao pia. Mbege iliyopikwa vizuri, wanasema, ndizi zikaiva, ulezi ukapewa siku zake na gome chungu la msesewa likawekwa kwa kiasi, haiumizi kichwa. Inayoumiza ni ile ya haraka ya kuuza. Sina ugomvi nao, lakini naona sababu nyepesi zaidi: mbege huitwa chakula kwa haki, inashibisha, kata inazunguka polepole huku watu wanaongea mambo ya ukoo, na kabla mtu hajafika mbali tumbo limejaa. Konyagi haimsubiri mtu hivyo.

Dawa zilizopimwa

Ungedhani maradhi yanayowapata mamilioni kila Jumapili yangekuwa na rundo la utafiti. Mwaka 2005 jarida la kitabibu la Uingereza, BMJ, lilichapisha uchambuzi wa majaribio yote ya maana yaliyokuwepo. Halikupata ushahidi wa kuridhisha kwamba kuna kitu chochote kinachozuia au kutibu hangova. Miaka 17 baadaye, mwaka 2022, watafiti wa London walirudia kazi hiyo katika jarida la Addiction. Walipata majaribio 21, washiriki 386 kwa jumla, na hakuna majaribio mawili yaliyopima dawa moja. Maana yake hakuna matokeo hata mamoja yaliyothibitishwa na mtu mwingine. Majaribio manane yalihusisha wanaume pekee.

Miongoni mwa vilivyoonyesha dalili njema ni kidonge kimoja cha kupunguza maumivu kiitwacho asidi ya tolfenamiki, na dondoo ya karafuu. Ndiyo, karafuu hiihii ya Pemba. Kabla hujakimbilia soko la Mbuyuni, fahamu kwamba wachambuzi wenyewe waliuita ushahidi huo wa ubora wa chini sana.

Panadol inahitaji aya yake kwa sababu iko kila kibanda. Ini huvunja parasetamoli, dawa iliyomo ndani yake, na kipande kidogo cha mabaki yake ni sumu ambayo ini huizima kwa akiba maalumu. Mtu anayekunywa pombe kila siku ameongeza kasi ya kutengeneza sumu hiyo, na kama hali vizuri, akiba ya kuizima imepungua. Kwa mnywaji wa sikukuu, vidonge viwili vya miligramu 500 asubuhi si balaa. Kwa mnywaji wa kila siku anayetafuna vinne, akarudia mchana, akarudia jioni, ini linapigwa pande zote mbili. Aspirini, ibuprofeni na diklofenaki haziligusi ini kwa namna hiyo lakini zinalichokoza tumbo ambalo limeshachubuliwa usiku kucha. Mwenye vidonda vya tumbo anaweza kutapika damu.

Supu je? Supu haiponyi hangova, na mama wa Kiborloni hajawahi kudai hivyo. Inarudisha maji na chumvi, chapati inarudisha sukari, na mtori una ndizi zenye madini ya potasiamu na ulaini ambao tumbo lililokasirika linaukubali. Tena inakukalisha chini nusu saa, na muda ndicho kitu pekee ambacho hangova inakitii. Kwa elfu tatu, sioni cha kushindana nayo.

Tukirudi kwenye dripu

Mwaka 2012, katika jiji la Las Vegas, daktari bingwa wa dawa za usingizi alianzisha basi la kuwafuata walevi mahotelini na kuwatundikia dripu zenye vitamini na dawa za kichefuchefu. Tangu hapo biashara hiyo imeenea miji mikubwa duniani, na wazo lake limetufikia hata kama basi halijafika. Mantiki yake inapendeza sikioni: umekaukiwa, basi tukujaze moja kwa moja kwenye mshipa.

Lita moja ya dripu ya chumvi ina gramu tisa za chumvi ndani ya maji safi. Basi. Mtu anayeweza kumeza anaweza kupata maji na chumvi hizo kwa mdomo, na pakiti ya ORS inampa na sukari juu yake, kwa bei ya kushangaza kwa udogo. Dripu ni ya mtu anayetapika kila anachomeza, au aliyepoteza fahamu, na huyo mahali pake ni hospitali, si nyuma ya pazia. Kwa aliyebaki, dripu inatibu abiria yule wa kwanza, kiu, ambaye angeshuka mwenyewe. Ahueni anayoisikia shemeji yangu ni ya kweli: amelala benchini kwa muda wa saa moja na nusu, ametulia, mtu amemhudumia, na saa zimesonga.

Hatari nazo zipo. Sindano isiyo safi huingiza vijidudu kwenye damu. Mtu mwenye moyo au figo dhaifu akijazwa maji haraka anaweza kukosa pumzi. Na ile chupa ya glukosi ina mtego wake: mnywaji wa muda mrefu mara nyingi ameishiwa vitamini B1, ambayo mwili unaihitaji ili kuitumia sukari. Ukimmiminia sukari nyingi bila kumpa kwanza B1, akiba iliyobaki inaweza kumalizika na ubongo ukadhurika, akachanganyikiwa, macho yakacheza, miguu ikakataa kutembea sawa. Madaktari wa wodi wanalijua hili vizuri. Kijana wa duka la dawa, kwa taarifa ya shemeji, alimuuliza swali moja tu: "Unalipa taslimu au kwa simu?" Duka la dawa muhimu si zahanati, kazi yake ni kuuza dawa ilizoruhusiwa, na kutundika dripu hakumo.

Mahakama iliyoiita ugonjwa

Hapa ndipo ubishi unageuka mtamu. Septemba 2019 mahakama ya rufaa ya Frankfurt nchini Ujerumani iliamua kwamba hangova ni ugonjwa. Gazeti baada ya gazeti liliandika habari hiyo kwa kicheko, maana hukumu ilitangazwa siku chache tu baada ya sherehe ya bia ya Munich kufunguliwa. Wengi walidhani mahakama imewahurumia walevi. Ilikuwa kinyume.

Kampuni moja ilikuwa inauza unga na kinywaji cha mimea kama chakula, ikivitangaza kuwa vinazuia na kuondoa hangova. Sheria ya Umoja wa Ulaya inakataza chakula kutangazwa kwamba kinakinga au kinatibu ugonjwa. Kwa hiyo mahakama ilibidi ijibu: hangova ni ugonjwa au si ugonjwa? Ikasema kwamba, ili kulinda afya ya watu, neno ugonjwa lichukuliwe kwa upana: badiliko lolote la hali ya kawaida ya mwili au utendaji wake, hata liwe dogo, hata liwe la muda. Kichwa kuuma na kichefuchefu vimo humo. Basi tangazo likapigwa marufuku. Hangova ilipopandishwa cheo kuwa ugonjwa, dawa yake ikashushwa rafuni.

Marekani walifuata mantiki hiyohiyo. Julai 2020 mamlaka ya chakula na dawa, FDA, iliziandikia barua za onyo kampuni saba zilizouza virutubisho kwa madai ya kuponya au kuzuia hangova. Ukisema kinatibu, walisema, hiyo ni dawa, na dawa lazima ipimwe ionekane inafanya kazi na haidhuru. Korea Kusini, ambako vinywaji vya kutoa hangova ni biashara kubwa, waliingia kwa mlango mwingine: kuanzia mwaka 2025 anayetaka kuandika hivyo kwenye chupa lazima awe na majaribio yaliyofanywa kwa watu.

Kwetu mpaka huo upo, ingawa watu wengi hawauoni. Tangu mwaka 2019 usimamizi wa usalama wa chakula uko TBS, na dawa ziko TMDA. Kichupa kinachouzwa kama kinywaji cha kuchangamsha ni mambo ya TBS. Siku lebo itakaposema kinatibu, kimevuka barabara. Wauzaji wajanja hawaandiki kitu kwenye lebo. Wanakunong'oneza.

Lakini kuiita ugonjwa mahakamani kwenye kesi ya biashara si sawa na kuiita ugonjwa mbele ya mwajiri. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi likizo ya ugonjwa ya siku 126 katika mzunguko wa miezi 36: siku 63 kwa mshahara kamili, 63 nyingine kwa nusu. Inataka cheti cha daktari. Je, Jumatatu asubuhi daktari amwandikie ED, ruhusa ya kutofanya kazi, mtu ambaye tatizo lake lote ni Jumapili? Nimewahi kuwasikia madaktari wawili wa Arusha wakilibishania hilo kwenye harusi, wote wawili glasi mkononi. Mmoja alisema kazi yake ni kuandika anachokiona: mtu ana kichefuchefu, shinikizo la damu limepanda, hawezi kupanda ngazi za jengo, huyo hafai kazi leo. Mwenzake akamjibu kwamba ukiandika hivyo unamlipisha mwajiri bia ambayo hakuinywa. Nadhani wa kwanza ana haki kuhusu usalama na wa pili ana haki kuhusu pesa, na suluhisho la busara, kumwacha mtu achukue siku yake ya likizo ya kawaida, halikutajwa na yeyote hadi keki ilipokatwa.

Aumie ili ajifunze?

Chini ya ubishi wa dripu kuna hoja ambayo watu wanaona haya kuisema wazi: hangova ni fimbo. Ukiiondoa, nani ataacha? Inasikika kama busara ya bibi, lakini ina udhaifu. Watafiti waliowafuatilia wanywaji kwa shajara za kila siku waligundua kwamba hangova huchelewesha kinywaji kinachofuata kwa kiasi kidogo mno. Kila mtu pale Kiborloni alikuwa ameapa "mimi basi" angalau mara tano maishani. Wanaopata hangova mara kwa mara ndio haohao wanaokunywa mara kwa mara. Kama ingekuwa fimbo ya kufundisha, wangekuwa wamehitimu.

Na ipo dawa halali iliyojengwa juu ya fimbo hiyo. Disulfiram, ambayo matumizi yake haya yaligunduliwa na Wadenmaki mwishoni mwa miaka ya 1940, huzuia ini lisiiondoe asetaldehidi. Anayeimeza kisha akanywa bia moja hupata ndani ya dakika chache mateso makali: uso moto, moyo mbio, matapishi. Inawasaidia baadhi ya watu waliokwisha kuamua kuacha na wenye mtu wa kuwasimamia. Asiyetaka kuacha pombe huacha vidonge.

Kwa hiyo mimi sioni dhambi katika kumpunguzia mtu maumivu ya kichwa. Tunamtibu mwendesha bodaboda aliyeanguka bila kofia ngumu, na hatumwachi avuje damu ili apate funzo. Ninachogomea ni mtu kuuziwa ahadi. Na kinachonisumbua zaidi ni kwamba kelele zote hizi ni juu ya shemeji yangu, mzima wa afya, ambaye kufikia jioni angekuwa sawa hata kama angelala tu chini ya mgomba.

Vitu vinavyojificha ndani ya hangova

Homa si hangova. Anayechemka na kutetemeka kwa baridi siku moja baada ya sherehe, hasa kama ametoka Dar au amelala Kahe kwenye mashamba ya mpunga, apime malaria kabla hajaanza kutafuta karafuu.

Ukungu machoni si hangova. Methanoli, inayopatikana kwenye pombe za kienyeji za kukoroga na zilizoghushiwa, haimuumizi mtu upesi. Hupita saa 12, pengine 24, ndipo mwili unapoigeuza kuwa asidi inayoshambulia mishipa ya macho. Mei 2014 nchini Kenya watu zaidi ya 80 walikufa kwa pombe ya namna hiyo, na wengine wakapofuka. Viroba, pombe kali ya vifuko vya plastiki, tulivipiga marufuku Machi 2017, lakini gongo haina lebo ya kupigiwa marufuku. Ajabu ni kwamba hospitali inaweza kumtibu mtu wa methanoli kwa pombe ya kawaida iliyopimwa kwa uangalifu, kwa sababu kimeng'enya kilekile huipenda zaidi pombe hiyo na kuiacha methanoli itoke bila kugeuzwa sumu. Huenda ndiyo chembe ya ukweli iliyomo katika kuzimua: vinywaji vingi vina methanoli kidogo sana, na glasi ya asubuhi inaichelewesha. Inachelewesha tu. Neno lenyewe linakiri: kuzimua ni kupoza, kutia maji kwenye kilicho kikali. Ukali ungali mtungini.

Halafu kuna arosto. Vijana wanalitumia neno hili kwa unga, lakini pombe nayo ina arosto yake, na ndiyo inayochanganywa na hangova kuliko kitu kingine. Hangova ni mwili unaolalamika kwa sababu ulipewa pombe. Arosto ni mwili unaolalamika kwa sababu umenyimwa. Ubongo uliozoea kukandamizwa na pombe kila siku hujikaza ili uweze kufanya kazi. Siku ikikosekana, mkazo ule unabaki bila kizuizi. Saa sita hadi kumi na mbili baada ya glasi ya mwisho mikono inaanza kutetemeka, jasho, wasiwasi, moyo mbio. Ndani ya siku mbili mtu anaweza kuanguka kifafa. Siku ya pili hadi ya nne wengine hupagawa, wanaona wadudu ukutani, joto linapanda, na bila matibabu hali hiyo huua. Hospitali wana dawa zake, diazepamu na vitamini B1, na zinafanya kazi. Tofauti na hangova, hapa hakuna ubishi wowote wa kitabibu kama itibiwe au isitibiwe.

Hangova inaisha yenyewe ndani ya siku. Arosto inatulia kwa glasi moja, upesi. Kipimo ni hicho, na WHO wameliweka jambo hilo kwenye dodoso lao la unywaji, AUDIT, lenye maswali kumi. Swali la sita linauliza hivi, kwa maana yake: katika mwaka uliopita, ni mara ngapi ulihitaji kunywa asubuhi ndipo uweze kuianza siku, baada ya kunywa sana jana yake? Pale KCMC, ambako watafiti wa hospitali hiyo na wenzao wa Chuo Kikuu cha Duke cha Marekani wamefanya kazi kwa miaka na majeruhi wa idara ya dharura, dodoso hilo lilifasiriwa na kupimwa kwa Kiswahili cha hapa. Wakatengeneza na mazungumzo mafupi ambayo muuguzi anayafanya na mgonjwa pale pale, yakaitwa Punguza Pombe Kwa Afya Yako. Hayana dripu ndani yake. Muuguzi anauliza, anasikiliza.

Asubuhi ile sikuwa nalifikiria swali la sita. Nilikuwa namcheka shemeji na plasta yake, sote tulikuwa tunamcheka, na mama wa supu alikuwa amepata mada ya kutufikisha Mwaka Mpya. Meku alikunywa kikombe chake kwa mafunda matatu, akakiweka chini, akakaa kimya kama mtu anayesubiri simu iite. Dakika kumi, labda kumi na tano. Kisha akavuta bakuli, akakamua ndimu kwa mkono mmoja, akachota supu na kuipeleka mdomoni. Halikudondoka hata tone.

"Mnaona?" alituambia. "Hii ndiyo dawa."